Usukani umelegea: kipi kitengenezwe, kipi kibadilishwe

Usukani ukianza kugonga, kulegea au kuvuta upande mmoja, mwenye gari hupata majibu mawili gereji. Fundi wa kwanza anasema, "Hii tunaikaza tu, bosi, utaendelea nayo." Wa pili anasema raki nzima, ile fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu, imekufa, katafute nyingine. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, na kila mmoja anaweza kukutia hasara: wa kwanza akikaza kitu kisichokazwa, wa pili akikutoa pesa ya raki wakati kilichokufa ni tairodi moja, fimbo fupi ya kuunganisha raki na gurudumu.

Mimi nagawa vipuri vya usukani mafungu mawili. La kwanza ni vile vinavyolishika gurudumu na kulielekeza: boljointi (ungio la gololi linaloshika gurudumu kwa chini), tairodi, raki endi (ungio la mwisho wa raki, linalounganisha raki na tairodi), na maungio ya shafti inayotoka kwenye usukani kwenda chini. Kimoja kikichomoka, gurudumu linakwenda linakotaka na wewe umebaki na usukani usio na kazi. Fungu la pili ni vile ambavyo vikichakaa gari linagonga, linavuja mafuta au usukani unakuwa mzito, lakini magurudumu bado yanakutii: bushi za raki (vitandiko vinavyoshika fimbo isicheze), sili zake za kuzuia mafuta, pampu na paipu. Fungu la kwanza halitengenezwi. Linabadilishwa kwa kipuri kipya, hata kama gari lenyewe unaliuza mwezi ujao, maana atakayelinunua naye atapanda na watoto wake. Mjadala wa kutengeneza au kubadilisha uko kwenye fungu la pili.

Nayasema haya nikifikiria zaidi magari madogo ya Kijapani yaliyojaa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala: IST, Vitz, Probox, Corolla, Noah. Misingi ni ileile kwa mengine mengi.

Kwanza, jua kinachogonga ni nini

Kabla ya kulinganisha bei, pata jina la kipuri kilichokufa. Kelele ya mbele hudanganya. Stebilaiza linki (kifimbo cha kusaidia gari lisilale upande kwenye kona) iliyochakaa inagonga sawasawa na raki, na yenyewe wala si sehemu ya usukani. Shokapu iliyolegea nati ya juu nayo ni hivyohivyo. Stebilaiza linki ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa vya mbele, kwa hiyo ikaguliwe kabla hujaanza kuzungumzia raki.

Kipimo hakihitaji kompyuta. Gari likae chini, magurudumu yakanyage ardhi, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, ufunguo uwekwe mahali pa kufungua loki ya usukani. Mtu mmoja aketi kwenye kiti cha dereva atikise usukani kushoto na kulia kidogo tu, upana wa vidole viwili, bila kukata kona. Fundi ashike ungio la tairodi kwa kiganja, vidole vingine vikiwa kwenye fimbo na vingine kwenye chuma cha gurudumu. Tairodi nzima husogeza vyuma vyote viwili kwa pamoja. Iliyokufa utaisikia: fimbo inatangulia, inapiga "tik", halafu ndipo gurudumu linafuata. Kiganja kinaugundua ulegevu ambao jicho haliuoni, na ndiyo sababu namwomba fundi anishikishe mimi mwenyewe badala ya kuniambia tu. Baadaye bana ule mpira uliokunjamana unaofunika mwisho wa raki mpaka uisikie raki endi iliyo ndani yake. Nayo ikitangulia, umeshaipata.

Kisha gari linyanyuliwe na likalishwe juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Shika gurudumu mkono mmoja kushoto na mwingine kulia, litikise: likicheza, ni tairodi, raki endi au raki yenyewe. Lishike juu na chini: likicheza hivyo, ni boljointi au beringi ya gurudumu. Kuvitenganisha hivyo viwili, mtu akanyage breki wakati unatikisa. Ulegevu ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi.

Fundi anayekataa kufanya kipimo hiki mbele yako lakini ameshataja bei, mshukuru uondoke.

Boljointi, tairodi na raki endi: kubana au kununua?

Kila mji una fundi anayejua "kubana" boljointi. Anaitoa, anapiga kingo za kikombe chake kwa nyundo au presi mpaka ile gololi ya ndani ikaze, anajaza grisi, anairudisha. Wengine huongeza kuchomelea. Ukitoka hapo gari limetulia kweli, na ndipo watu wanapoamini kwamba wametengenezewa.

Ndani ya boljointi kuna gololi ya chuma iliyogumishwa na kusuguliwa ikawa laini kabisa, imekaa kwenye kikombe chenye kitandiko cha plastiki ngumu. Ikishachakaa, kitandiko kimeliwa na gololi yenyewe haiko duara tena. Ina upande uliolika na kutu iliyoingia na maji baada ya mpira wake kupasuka. Ukibana kingo, unaigandamiza gololi mbovu kwenye kikombe kibovu. Itakaza sehemu moja na kulegea nyingine. Ukichomelea, moto unayeyusha kitandiko na kuulegeza ugumu wa chuma. Baada ya muda inalegea tena, na safari hii kingo zilizopigwa nyundo hazina nguvu ya kuizuia gololi isitoke. Gari unalolikuta katikati ya mzunguko wa barabara, gurudumu la mbele limelala ubavu na bampa iko chini, mara nyingi ni boljointi iliyochomoka. Bahati yake ni kwamba ilitoka likiwa mwendo mdogo.

Sasa angalia pesa. Kazi ya kufungua na kufunga ni ileile, ubane au ubadilishe. Boljointi au tairodi nzuri ya gari dogo kwa kawaida ni nafuu kuliko tairi moja jipya. Anayebana anaokoa bei ya kipuri leo, kisha analipa ufundi mara ya pili kipuri kikilegea tena, na katikati yake matairi yameliwa upande mmoja. Hata kwa hesabu ya mfukoni peke yake, usalama ukiwekwa kando, kubana hakulipi.

Boljointi zinafungwa kwa namna tofauti na hili linabadilisha uamuzi. Kuna zinazofungwa kwa bolti kwenye mkono wa chini, yaani chuma kinachoshika gurudumu kwa chini: hizo ni rahisi, badilisha boljointi peke yake. Kuna zinazoshindiliwa kwa presi, na kuna ambazo kiwanda kimezitengeneza kitu kimoja na mkono. Kwa hizi mbili za mwisho, kama bushi za mkono nazo zimechanika, mimi nanunua mkono mzima mpya. Unakuja na bushi zake na boljointi yake, ufundi unakuwa mfupi. Ule mtindo wa kuingiza boljointi mpya kwenye tundu lililopanuka halafu kuishika kwa kuchomelea, ukatae.

Tairodi si lazima zibadilishwe jozi. Ya kulia ikifa na ya kushoto haichezi wala mpira wake haujapasuka, iache. Lakini ya pili ikiwa imeanza kuonyesha dalili, badilisha zote siku hiyohiyo, kwa sababu alaimenti, yaani kupanga magurudumu yaelekee sawa, utailipia mara moja badala ya mbili.

Simamia na hili dogo: nati zenye mapengo zinashikwa na splitpini, ile pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke, na splitpini iliyotoka hairudishwi. Msumari si splitpini, kipande cha waya wa umeme pia si splitpini. Nenda dukani ukanunue mpya. Ni vitu vya shilingi chache sana.

Raki: hapa ndipo pa kufikiria

Raki ni fimbo ndefu yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo ya piniani. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, piniani iko upande wa dereva na upande wa abiria fimbo inashikwa na bushi, mara nyingi ya plastiki. Raki zinazosaidiwa na mafuta zina pia sili zinazozuia mafuta yasitoke. Vinavyokufa mara nyingi ni vitu vitatu: bushi ya upande wa abiria, sili, na meno ya katikati.

Dawa inayopendwa ni kukaza ile nati kubwa iliyo chini ya raki. Inafanya kazi pale tu ulegevu ni mdogo na umetokana na kile kipande kinachoigandamiza fimbo kwenye piniani. Shida ni hii: tunaendesha moja kwa moja kuliko tunavyokata kona, kwa hiyo meno ya katikati yanalika kuliko ya pembeni. Ukikaza mpaka ulegevu wa katikati uishe, pembeni patabana. Utajua ukimaliza kona: usukani haurudi wenyewe, unaurudisha kwa mikono. Gari la namna hiyo ni la hatari kwenye barabara kuu kuliko lilipokuwa linagonga. Baada ya kukaza, kata usukani hadi mwisho kila upande gari likiwa juu ya stendi, kisha ukalijaribu barabarani. Usukani ukikosa kurudi vizuri, nati ilegezwe.

Kutengeneza kwenyewe, yaani kuifungua raki na kubadilisha bushi na sili, ni kazi ya heshima ikifanywa na anayeijua. Bushi inaweza kukerezwa kwa nailoni kwenye mashine ya lezi, na iliyokerezwa kwa kipimo sahihi inaua kugonga kabisa. Isibane mno, fimbo lazima ipite kwa ulaini. Kwa raki ambayo haivuji, inagonga tu kwenye mashimo na rasta (matuta madogo ya barabarani), hili ndilo chaguo langu la kwanza.

Raki inayovuja inahitaji uangalie fimbo kabla hujalipa senti. Vuta ule mpira uliokunjamana nyuma, ipanguse fimbo kwa kitambaa, ikague kwenye mwanga. Fimbo isiyo na kasoro inang'aa rangi ya fedha toka mwanzo hadi mwisho. Pitisha ukucha polepole. Ukucha ukiteleza bila kukwama, sili mpya zitakaa na raki hiyo itakutumikia. Ukucha ukikwama kwenye vishimo vya kutu, usinunue sili. Kila kishimo kitazikata, na mafuta yatarudi kumwagika. Kuna mafundi wanaopiga msasa fimbo ya namna hiyo. Msasa unaondoa kutu ya juu lakini vishimo vinabaki, na ukizidisha, fimbo inapungua unene na sili haiishiki tena.

Chanzo cha kutu hiyo karibu kila mara ni ule mpira kupasuka. Maji ya mvua na mchanga vinaingia, grisi inatoka, na fimbo inaanza kuoza huku dereva hasikii chochote. Mpira huo ni kipuri cha bei ndogo mno ukilinganisha na raki. Kila gari linapoingia gereji kwa oili, fundi auangalie.

Fimbo ikiwa imeliwa au imepinda, chaguo ni mtumba au mpya. Raki ya mtumba kutoka Japani kwa gari dogo ni uamuzi mzuri mara nyingi, kwa sababu imetoka kwenye barabara laini na huwa ni ya kiwanda chenyewe. Ila usiichukue imefungwa kwenye nailoni ukaondoka nayo. Zungusha piniani kwa mkono toka mwisho hadi mwisho: iende kwa uzito uleule njia nzima, bila pa kukwama na bila pa kuteleza ghafla. Vuta mipira yote miwili na ufanye kile kipimo cha ukucha. Tikisa raki endi zake. Kama zinacheza, hesabu bei ya mpya juu ya bei ya raki. Na kubaliana na muuzaji, mbele ya fundi wako, muda wa kuijaribu na haki ya kuirudisha. Wauzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, na wale wa Kirinyaga Road, Nairobi, wengi wamezoea makubaliano hayo ukiyasema kabla ya kutoa pesa. Ukiyasema baada ya kutoa pesa, wamezoea pia kukataa.

Angalizo kwa wanaoagiza kutoka Sharjah au wanaonunulia ndugu walio Bujumbura na Goma. Falme za Kiarabu zinaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari linalochinjwa kule, yaani kufumuliwa vipuri, mara nyingi lina usukani wa kushoto, na raki ya namna hiyo haifungi kwenye gari la usukani wa kulia, wala ya kulia kwenye la kushoto, hata kama jina la gari ni lilelile. Uliza kabla hujalipa, na mtumie muuzaji picha ya raki yako iliyotoka.

Raki mpya ya kiwanda ni nzuri kuliko zote, lakini kwa gari la umri mkubwa bei yake inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe. Naishauri kwa mtu anayesafiri mikoani kila wiki na anayetaka kukaa na gari miaka mingi. Raki mpya za bei rahisi zisizo na jina siziamini. Kati ya hiyo na mtumba safi wa Japani uliopimwa, nachukua mtumba.

Fundi anapoishusha raki, usukani ufungwe usizunguke, hata kwa kuupitishia mkanda wa kiti. Chini yake kuna utepe wa waya wa erbegi (puto la usalama) uliojiviringa. Usukani ukizungushwa ovyo wakati shafti imefunguliwa, utepe unakatika, na taa ya erbegi inawaka kwenye dashibodi.

Pampu, paipu na mafuta

Pampu inayolia unapokata kona haijafa mpaka uthibitishe. Angalia kiwango cha mafuta, angalia mkanda, angalia kama mafuta yana povu. Toyota nyingi za pampu hutumia ATF (mafuta ya gia za otomatiki) ya Dexron II au III. Kuna wanaoongeza mafuta ya breki ili sili zivimbe na kuvuja kukome. Zitavimba kweli, kisha zitalainika na kuharibika zote, na kazi iliyokuwa ya sili mbili inakuwa ya mfumo mzima.

Paipu ya kurudisha mafuta haina presha kubwa, unaweza kuikata na kuifunga kwa klipu. Ile ya presha haifungwi kwa klipu hata siku moja. Ipeleke kwa wanaotengeneza paipu za haidroliki wakubane vichwa vipya kwa mashine, au nunua nyingine.

Steringi ya umeme

IST, Vitz, Axio na Fielder nyingi hazina mafuta kabisa. Mota ya umeme ndiyo inayokusaidia. Usukani ukiwa mzito ghafla na taa ikawaka, anza na betri na altaneta, kwa sababu umeme ukipungua mfumo hujizima. Ukiwa ni mota au sensa, mtumba wa koloni nzima, ile nguzo inayobeba usukani, unashinda ukarabati kwa wengi wetu, sharti fundi awe na mashine ya kuipangia sensa upya katikati. Bila hivyo usukani unaweza kuvuta upande.

Kugonga kunakosikika karibu na pedali kwenye magari haya mara nyingi kunatoka kwenye shafti ya kati, ile inayotoka kwenye usukani kwenda chini. Hiyo niliiweka fungu la kwanza kwa sababu. Novemba 2012 Toyota iliita yarudishwe kurekebishwa magari zaidi ya milioni 2.7 duniani, zikiwemo Prius na Corolla, na kasoro mojawapo ilikuwa kwenye shafti hiyo: meno yake yangeweza kulika usukani ukikatwa kwa nguvu hadi mwisho mara kwa mara kwenye mwendo mdogo. Kiwanda chenyewe hakikuiacha ichomelewe, na wewe usikubali. Na ile tabia ya kugeuza gari sehemu finyu kwa kulazimisha usukani ulioshafika mwisho, tuiache; inaumiza shafti kwenye magari ya steringi ya umeme na pampu kwenye yale ya steringi ya mafuta.

Kununua bila kuuziwa feki

Kwa tairodi na boljointi, orijino ya kiwanda ni salama na ghali. Chini yake kuna majina yenye heshima kama 555 ya Japani na CTR ya Korea. Tatizo ni kwamba 555 inaigizwa sana, boksi na yote. Usisome boksi, soma kipuri. Alama ziwe zimechorwa kwenye chuma chenyewe. Kisha shika ule mguu wenye nyuzi za kufungia nati uuzungushe: boljointi mpya nzuri ni ngumu na inakwenda kwa uzito mmoja kila upande. Ikiyumba kwa kidole kimoja, au ikikwaruza mahali, irudishe kwenye kaunta. Mtumba wa boljointi na tairodi sinunui, kwa bei yoyote.

Kama pesa haitoshi vyote

Kila tairodi, raki endi au raki inapofunguliwa, alaimenti ni lazima. Fundi mzuri atahesabu nyuzi kabla ya kufungua ili kipya kikae karibu na pale pale, lakini kuhesabu nyuzi kunakufikisha kwenye mashine ya alaimenti tu, hakukai badala yake. Gharama yake ni ndogo, na matairi mawili ya mbele yaliyoliwa upande mmoja ni mara nyingi zaidi ya hapo.

Pesa ikiwa ndogo, boljointi inayocheza inatangulia, halafu raki endi na tairodi, halafu mpira wa raki uliopasuka, halafu alaimenti. Sili zinazovuja kidogo zinaweza kusubiri mwezi mmoja, ukiwa unaongeza mafuta na kuyaangalia kila wiki. Raki inayogonga bila kuvuja, na ambayo kipimo cha kiganja hakikuonyesha ulegevu kwenye maungio, nayo inaweza kusubiri mshahara ujao. Boljointi ikiwa imefikia hatua ya gurudumu kuyumba juu na chini kwa mikono, gari libaki palepale gereji mpaka kipuri kiletwe.